Gari Lisilosifiwa

Ilianza Ijumaa, saa kumi kasoro robo alasiri, mthamini wa magari alipobonyeza kengele ya geti letu Azaiba, hapa Maskati, na mimi ndiye niliyekuwa karibu zaidi na geti. Nikajificha nyuma ya tangi la maji. Mama akatoka jikoni kufungua, akaniona, akatikisa kichwa kama anavyotikisa kila siku.

Niseme mapema nisije nikaonekana naficha: mimi siwezi kuzungumza na watu. Si kiburi. Maneno yapo, hupanda mpaka kooni, yakaona wageni yakarudi. Shuleni mwalimu aliandika kwenye ripoti yangu "hodari, kimya," na mama akaisoma mara mbili kutaka kujua kama lile neno la pili ni sifa.

Mahali pekee ninapozungumza ni bandani kwa baba, chini ya lile gari. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana baba huvaa kanzu iliyochakaa, mimi huvaa suruali ya kazi, tunaingia. Nikishalala chali chini ya gari uso wangu hauonekani, na hapo nasema kama redio. Mambo ya shule, ya wasichana wa darasani, ya paka wa jirani. Baba hujibu "mm," na "nipe spana ya kumi na tatu." Hayo ndiyo mazungumzo marefu kabisa niliyonayo duniani.

Gari lenyewe ni la Kimarekani, la milango miwili, boneti ndefu kuliko haja, injini ya silinda nane inayokunywa petroli kama harusi inavyokunywa sharubati. Babu alilinunua hapa Maskati miaka ya sabini, muda si mrefu baada ya familia kurudi kutoka Unguja, alipopata kazi bandarini Mutrah. Lilipokufa likakaa uani miaka chungu nzima. Paka wakazalia ndani. Kisha baba akaanza kulifufua kidogo kidogo, na mimi nilipofika umri wa kushika tochi bila ya kuitikisa, nikaajiriwa.

Mwaka huu babu alifariki. Nyumba na kiwanja viligawiwa bila ya kelele. Likabaki gari. Baba akaenda kumuuliza sheikh kama gari si lake, maana yeye ndiye aliyelifufua. Sheikh akauliza kama babu aliwahi kumpa mbele ya mashahidi. Hakumpa. Babu alikuwa akisema tu "hilo gari lenu" akilitazama kutoka dirishani, na sheikh akasema hiyo si hiba, hayo ni mazungumzo. Basi ikawa ni mirathi, na bibi alikwisha tangulia: theluthi mbili za baba, theluthi moja ya shangazi, dada yake mkubwa. Lithaminiwe, baba amlipe shangazi theluthi yake alibakishe. Akishindwa, liuzwe. Mnunuzi yupo, mtu wa Dubai, na simu alikuwa akipiga tangu kabla ya hitima.

Baba anafanya kazi serikalini na ana watoto watano. Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi, hata mimi nisiyependa hesabu niliiona. Thamani ikiwa ndogo, gari linabaki. Ikiwa kubwa, linakwenda Dubai, na mimi nanyamaza mpaka niolewe.

Sasa kuna jambo lazima nilieleze, la sivyo mambo ya siku ile hayatafahamika. Baba anaogopa jicho. Zamani, gari lilipopata rangi kwa mara ya kwanza, jirani alisimama getini akasema, "Loh! Gari zuri hilo," bila ya mashaallah. Kesho yake kioo cha mbele kikapasuka kutoka pembe mpaka pembe. Jua la Juni lingeweza kukipasua bila ya msaada wa jirani, lakini hilo halikujadiliwa. Tangu siku hiyo baba hataki gari lisifiwe, na yeye mwenyewe halisifu. Mtu akiuliza, "Chuma tu hicho." Akiuliza injini, "Si yake. Ya lori. Tumeiokota Barka." Akiuliza rangi, "Ya kupaka kwa brashi." Chini ya bampa la nyuma ametundika kandambili yangu ya nilipokuwa na miaka minne, ili jicho likifika likutane na kandambili kwanza. Na namba ya injini, ile iliyopigwa kwenye chuma chenyewe, ameibandika tepu nyeusi. Aliibandika siku ambayo mgeni kutoka Kuwait aliitazama muda mrefu kuliko adabu.

Mthamini aliingia. Mkenya, mrefu, suti ya buluu na tai. Alikuwa anatoka kanisani Ruwi, kwa sababu hapa Maskati hata Jumapili ya Wakristo husaliwa Ijumaa, siku ya mapumziko. Siku za wiki kazi yake ni kukagua magari yaliyogongana, na haya ya zamani, alisema, ndiyo anayafanya kwa moyo. Mkononi alikuwa na tochi, kioo kidogo chenye mkono mrefu kama cha daktari wa meno, na sumaku aliyoivisha soksi ya mtoto isije ikakwaruza rangi.

Shangazi alikuwa amefika kitambo. Amekaa bandani kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, kama mtu anayengoja ndege. Shangazi hapendi magari. Alikuja, alisema, kwa ajili ya haki yake tu.

"Habari zenu, wazee," mthamini alisalimu.

"Mzee nani?" shangazi akauliza.

"Pole, mama."

"Haya."

Baba akavuta turubai, akafungua boneti. Mthamini akafungua mdomo. "Wueh! Hii gari ni—"

"Bovu," baba akasema haraka.

Mthamini akamtazama, kisha akatazama gari, kisha akamtazama tena. Akatoa kalamu.

"Injini ni ile ilitoka nayo kiwandani?"

"Aa. Ya lori."

"Ya lori?"

"Tumeiokota Barka."

Akaandika. Mimi wakati huo nilikwisha hamia nyuma ya pipa la mafuta machafu, ambapo mtu anaona kila kitu bila ya kuombwa chochote.

"Na bodi?"

"Pati tupu."

Pati ni ule udongo wa kuzibia mabonde na matundu kabla ya rangi, na sumaku haishiki pati. Mthamini akaisogeza soksi kwenye mlango. Tak. Ikashika.

"Mbona inashika, mzee?"

"Hapo tu."

Akaisogeza kwenye boneti. Tak.

"Na hapo," baba akasema. "Bahati."

Mthamini akaitia sumaku mfukoni. Kuna joto linaloondoa udadisi, na tai yake ilikwisha lowa. Akainama nyuma ya gari. "Na hii ni nini?"

"Kandambili ya mtoto."

Akaandika. Nilitamani kujua ameiandika mahali gani.

Naapa baba hakuwa akipiga hesabu. Baba akipewa chenji ya ziada dukani Ruwi hurudi nayo siku ya pili kutoka huku Azaiba, na petroli ya kurudi ikawa ghali kuliko chenji. Yalikuwa ni mazoea tu yanayomtoka, kama mtu anayepiga chafya. Lakini mimi nilikuwa napiga hesabu. Kila neno baya lilikuwa linalisogeza gari karibu na sisi, na nilifurahi. Sitasema sikufurahi.

"Sasa niwaelezee," mthamini akasema, amesimama katikati yao. "Gari ya namna hii watu hawanunui urembo. Wananunua kile hakijabadilishwa. Injini ikiwa ni yake yenyewe, namba zilingane, hiyo ni hadithi ingine kabisa, watu wataitafuta mpaka hapa. Lakini ikiwa ya lori, na bodi ni pati..." Akataja kiasi.

Shangazi, ambaye amenunua friji hivi karibuni, alisema, "Friji langu ghali kuliko hilo."

Kiyoyozi cha chumba cha wageni kilikuwa kinadondosha maji kwenye ndoo.

"Gari la baba yangu?" shangazi akasema tena.

"Mama, ni vile mwenyewe amesema."

Shangazi akamgeukia baba. Baba ana mvi, lakini kwa shangazi haijawahi kuhesabiwa. "We mtoto. Kumbe mie nilikuwa nikipelekwa skuli na friji?"

Baba alikuwa amebadilika rangi. Alikuwa kama mtu aliyesikia mwanawe anatukanwa, kisha akatambua matusi ni ya kwake mwenyewe. "Dada, ngoja. Si hivyo. Bwana, andika tena."

"Niandike nini, mzee?"

"Injini..." Baba akatazama juu, akatazama kandambili. "Injini ipo."

"Iko, naiona."

"Yaani si mbaya sana."

"Hii ya lori?"

"Hiyo ya..." Akakohoa. Jasho likamtoka kwenye paji la uso. Nilimwona anavyojaribu. Alitaka kusema kweli, maana kula haki ya dada yake ni jambo asiloweza hata kulifikiria. Lakini kusema kweli maana yake ni kulisifu gari, kwa mdomo wake, mchana kweupe, mbele ya mgeni mwenye kalamu. Ulimi ulikuwa umelitukana gari miaka yote ile, haukujua njia nyengine.

"Si useme!" shangazi akamkemea.

"Inawaka," baba akasema kwa sauti ndogo.

Shangazi akasimama, akaweka mkoba begani. "Basi bakia nalo. Hata hiyo theluthi yangu sitaki. Miaka yote hii nnadhani baba katuachia kitu, kumbe katuachia takataka."

"Dada, haki yako hiyo—"

"Haki ya nini? Ya kandambili?"

Hapo gari lilikuwa letu. Bure. Theluthi zote tatu. Ilitosha mimi kufanya kile ninachokifanya vizuri kuliko watu wote, yaani kunyamaza.

Ingependeza niseme kwamba nilifikiria haki ya shangazi. Niliifikiria baadaye. Pale nilichofikiria ni ile namba. Ilipotolewa injini ikawekwa juu ya matairi, mimi ndiye niliyeisugua kwa mswaki na mafuta ya taa, likizo nzima, tarakimu zikitoka moja moja kwenye uchafu wa babu, na baba akaja na karatasi za gari, tukalinganisha, akakaa chini akalia kidogo akasema ni mafuta ya taa yamemwingia machoni. Na sasa watu wamesimama wanasema ya lori.

"Si ya lori," nilisema.

Wote wakatafuta sauti imetoka wapi. Mama, aliyekuwa anakuja na sinia la sambusa, akasimama palepale mlangoni.

"Nani kasema?" shangazi akauliza.

Nikatoka nyuma ya pipa. Nilikwenda moja kwa moja kwenye injini, nikainama mpaka kichwa changu chote kikawa chini ya boneti, kwa sababu nilijua nikitazama uso wa mtu yeyote itakwisha. Nikaingiza mkono nyuma ya jenereta, nikaibandua tepu.

"Soma," nikamwambia mthamini. Sikuongeza "tafadhali," wala "ami." Nilisahau adabu zote.

Akaja na tochi na kile kioo. Akasoma. Akaenda kwenye kibati kilicho chini ya kioo cha mbele, pale penye namba ya gari. Akasoma. Akarudi. Akaenda tena.

"Haki ya Mungu," akasema. "Zinalingana."

"Giaboksi yake pia," nilisema kwenye injini. "Na vioo vyote ni vyake isipokuwa cha mbele, kilipasuka. Rangi ni ileile iliyoandikwa kwenye kibati, tumeichanganyisha kwa mafundi wa Wadi Kabir mara tatu mpaka ikakubali. Pati ipo mahali pamoja tu, nyuma kushoto chini ya taa, upana wa kiganja, kwa sababu liliegemea ukuta. Kutu ilikuwa chini ya zulia, tumekata tukachomelea bati, welding hiyo nzuri, mimi nilishika bati. Rimu si zake. Redio si yake. Baba kanunua."

Nilipoanza sikuweza kusita. Nilisema mpaka habari za paka.

Mthamini akatoa sumaku mfukoni akaanza upya, safari hii amevua koti. Nikachungulia kwa pembeni ya boneti: tak, tak, tak, gari zima. Pale nyuma kushoto soksi ikateleza ikaanguka, upana wa kiganja. Akaniangalia, akaandika.

"Hizi rimu zinapunguza bei," akasema.

"Zinapunguza?" baba akauliza. Ndizo kitu pekee alichowahi kukionea fahari, na aliwahi kuniambia hivyo kwa siri.

"Sana, mzee. Na redio."

Alipomaliza akarudi nyuma hatua chache, akalitazama gari lote kwa pamoja, akavuta pumzi. Mama akawahi. "Sema mashaallah."

"Mashaallah," mthamini akasema.

"Tena."

"Mashaallah," akasema, akajishika tai.

Kisha akataja kiasi cha pili. Shangazi hakukilinganisha na friji. Hakukilinganisha na kitu. Baba alifumba macho. Theluthi ya kiasi kile hakuwa nayo, wala hakuna mahali angeipata. Simu yake ikalia mfukoni, akaitazama, ya Dubai, akairudisha ikilia. Nami nikarudisha kichwa ndani ya boneti. Nilijua nililolifanya. Nilikuwa nimelithamini gari mpaka likatutoka mikononi, na maneno yangu pamoja nalo.

"Na kiti cha nyuma?" shangazi akauliza.

"Ni chake cha asili, mama. Ni nadra sana. Lakini kina tundu, nimekata bei kidogo."

"Tundu wapi?"

Gari la milango miwili haliingiliki nyuma bila ya kukunja kiti cha mbele, na shangazi ni mtu mzima, ana baibui, ana mkoba, na hakutaka kushikwa. Ilichukua muda. Tukatazama pembeni kwa heshima. Sauti yake ikatoka ndani.

"Tundu hili langu mie."

"Lako vipi?" baba akauliza.

"Nnalitoboa kwa kibanio cha nywele, baba akichelewa kutoka bandarini. Tunamngoja humu, nje ya geti la bandari, mie na mama. We hujazaliwa." Kisha, "Kumbe linakwenda mpaka kwenye sponji."

Alikaa humo muda. Mthamini alikula sambusa. Halafu kioo cha nyuma kikashuka, na uso wa shangazi ukatokea.

"Siuzi."

"Dada, mie nitatafuta, nitakulipa pole pole—"

"Huna. Na ukiwa na deni langu utanikwepa kila Idi, nnakujua tokea mdogo. Na huyo wa Dubai mie simjui kwao. Nnachukua theluthi yangu hii hapa."

"Gari haligawiki, dada."

"Limeshagawika. Nimelikalia."

"Dada!"

"Kamuulize sheikh."

Baba alimpigia sheikh palepale, akaweka sauti ya nje ili ushahidi uwepo. Sheikh alisikiliza habari yote, tundu pamoja, akasema watu wawili wanaweza kumiliki kitu kimoja wakiridhiana, na anayekalia nini hilo si suala la fikihi, na kama hakuna jengine anaomba arudi mezani kwa wageni wake.

Shangazi akatoa masharti kupitia dirishani. Pasiliwe nyuma. Tundu lisizibwe. Vioo vya nyuma visifunguliwe asipokuwepo. Rimu zirudishwe za asili.

"Na kandambili?" baba akauliza kwa unyonge.

"Kandambili ibaki."

Mthamini alifunga vitu vyake. Akamwambia baba, "Mzee, hii kazi nimefanya miaka. Wenye magari wote wananidanganya kwenda juu. Wewe ndiye wa kwanza kunidanganya kwenda chini. Hata sikuwa na mahali pa kuiandika."

"Samahani, bwana. Si uongo, ni kinga."

"Sawa, mzee." Akatazama huku na huku. "Na yule msichana ameenda wapi?"

Nilikuwa nimerudi nyuma ya pipa. Mama akamwonyesha kwa kidevu. Mthamini akaliinamia pipa kwa adabu, akasema kwaheri. Pipa halikujibu.

Usiku baba alipita mlangoni kwangu, akasimama. Akasema, "Mm." Nikasema, "Mm." Akaenda kulala.

Asubuhi, Jumamosi, shangazi alikuja mapema na mto wa kuegemea. Hakuingia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja bandani, akakunja kiti, akaingia kwenye theluthi yake, akasema anataka kupelekwa Mutrah, bandarini, pale nje ya geti, akangoje kidogo halafu arudishwe. Baba akamwambia siku hizi pale ni meli za watalii tu. Shangazi akasema yeye hakuuliza khabari za meli. Baba akakaa kwenye usukani.

Kabla hajawasha, nilichukua tepu kwenye sanduku la zana, nikafungua boneti, nikaingiza mkono nyuma ya jenereta.

"We bibie," shangazi akaita kutoka nyuma, "tunangoja nini?"

"Naziba namba ya injini," nilisema.

Shangazi akautengeneza mto wake mgongoni.

"Ziba mara mbili," akasema.